Bodi ya taasisi ya bayoteknolojia ya mazingira: wanaoamua kiumbe kiachiwe au kibaki maabara

Watafiti vijana wengi wanaijua bodi kwa picha zilizotundikwa mapokezi: mwenyekiti katikati, wajumbe pembeni, kila mmoja na cheo chake chini ya picha. Wakisikia wajumbe wanakuja wiki ijayo, wanachojua ni kwamba maabara itapigwa deki, makoti meupe yatafuliwa, na kuna mtu ataambiwa ghafla aeleze mradi wake kwa dakika tano. Magari yakiondoka, maisha yanaendelea.

Mimi nimekuwa upande wa pili wa ziara hizo kwa muda mrefu, kwenye sekretarieti. Nilianza kama mtaalamu wa vijidudu anayeitwa ndani kufafanua jambo kisha anatoka. Siku hizi ndimi ninayeandaa makabrasha yenyewe. Basi nieleze wale watu wa kwenye picha wanafanya nini, na kwa nini kazi yao haifanani na ya bodi ya benki au ya bandari.

Yale ya kawaida nitayapitia haraka. Bodi haifanyi utafiti, haiajiri fundi sanifu, haisaini hati za malipo ya kila siku. Inasimamia mambo machache mazito: kumpata Mkurugenzi Mkuu na kumpima, kupitisha bajeti na mpango mkakati, kuwasikiliza wakaguzi. Kenya wana kanuni za uongozi wa mashirika ya umma, zinaitwa Mwongozo, za mwaka 2015: wajumbe 7 hadi 9, kipindi cha miaka 3, na mtu asizidi miaka 6 kwa jumla. Nchi nyingine zina taratibu zao, lakini sura ni hiyohiyo.

Tofauti yetu ni kwamba kinachotoka maabara kinazaana. Benki ikitoa mkopo mbovu, siku moja itaufuta vitabuni. Kuvu, nyigu, fukusi au bakteria akishaachiwa porini, hakuna barua ya kumwita arudi. Ndiyo maana mimi huipima bodi ya taasisi kama zetu kwa swali moja: inajuaje kusema "ndiyo" kwa kitu kisichoweza kurudishwa?

Watu wa Kanda ya Ziwa wana mfano wao mkubwa: sangara. Samaki huyu hakuwepo Ziwa Victoria. Jinja kulikuwa na taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki, EAFRO, iliyoanzishwa 1947, na wanasayansi wake walipinga wazo la kuleta mla samaki mkubwa kiasi kile kwenye ziwa lililojaa furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Idara ya wanyamapori na uvuvi ya Uganda ilitaka aletwe. Mwaka 1954 sangara kutoka Ziwa Albert wakaingizwa majini kimyakimya. Geoffrey Fryer alipochapisha onyo lake 1960, kwenye karatasi jambo lilikuwa bado pendekezo, na samaki tayari yumo. Miaka michache baadaye wakaongezwa wengine, safari hii kwa idhini. Miaka ya 1980 walifumuka, na aina za furu zinazokadiriwa kufikia 200 zikatoweka au zikabaki kwa kubahatisha. Watu wa Mwanza wataniambia viwanda vya minofu vimesomesha watoto wengi, na ni kweli, sibishani nao. Ninachosema ni kwamba uamuzi ulitangulia mjadala. Waliokuwa na takwimu hawakuwa na kura, na waliokuwa na samaki mkononi hawakusubiri.

Ziwa hilohilo, miaka 40 baadaye, lilifunikwa na gugu maji. Safari hii kilicholetwa kulitafuna ni fukusi wadogo wa jamii ya Neochetina, asili yao Amerika ya Kusini. Hawakumwagwa hivihivi. Walijaribiwa kwanza wakiwa wamefungiwa: wanawekwa na mimea mingine, ya chakula na ya porini, kuona kama wataitafuna au watazaana humo. Uganda iliwaachia ziwani 1995, Kenya ikafuata 1997, Tanzania nayo ikawatumia. Mdudu mkubwa anachubua jani. Buu wake anatoboa shina hadi kwenye kitovu cha mmea, maji yanaingia, gugu linaoza na kuzama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 eneo lililofunikwa lilipungua sana. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 nazo zilisaidia, na wataalamu hawajakubaliana sifa zigawanywe vipi. Gugu limerudi mara kadhaa, hasa upande wa Kisumu, kwa sababu mbolea na majitaka bado yanaingia ziwani. Lakini fukusi hawajahamia kwenye mahindi ya mtu.

Mlolongo huo wa kufungia, kupima na kuomba kibali ndio unaotakiwa uonekane kwenye kabrasha la bodi. Siku hizi wajumbe wanasomea kwenye vishikwambi, lakini muundo haujabadilika. Pendekezo la kuachia kiumbe linapaswa kujibu: ametoka wapi, anakula nini au anamwambukiza nani, amejaribiwa kwa viumbe gani wasiolengwa, vibali gani vimeshatoka, na nani atamfuatilia mradi ukiisha, kwa fedha ya nani. Hilo la mwisho ndilo ninalolikuta limejibiwa kwa sentensi moja laini. Mfadhili analipia miaka mitatu. Kuvu haijui kwamba mradi umefungwa. Mjumbe makini anaanza kusoma kabrasha kutoka ukurasa huo.

Nakumbuka kikao kimoja, pendekezo lilihusu Metarhizium. Hii ni kuvu ya udongoni. Chembe zake zikimwangukia mdudu zinaota juu ya gamba lake, zinapenya ndani, na baada ya siku kadhaa mdudu amekufa, mara nyingi akiwa amefunikwa na ukungu wa kijani. Si kitu kigeni kwetu: mwaka 2009, nzige wekundu walipozaana magharibi mwa Tanzania, dawa iliyotengenezwa kwa Metarhizium ilinyunyizwa kwenye takriban hekta 10,000 katika Katavi, nyanda za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi. Kwenye kikao hicho mtafiti alikuwa amejipanga vizuri, slaidi zimenyooka, maprofesa wawili wa bodi wakabishana kuhusu nyuzijoto ya kuotesha chembe. Ndipo mjumbe wa fedha, mhasibu mstaafu ambaye hadi hapo alikuwa kimya, akauliza: "Wilaya mliyoitaja kuna wafuga nyuki wengi. Hii kitu ikifika kwenye mizinga?"

Jibu lilikuwepo. Kuna maandiko mengi kuhusu kuvu za aina hiyo na nyuki, na matokeo hutegemea aina, dozi na joto la mzinga. Lakini halikuwemo kwenye kabrasha, na jaribio halikuwa limefanywa kwa nyuki wa eneo lile. Bodi ikaelekeza menejimenti irudi na matokeo. Mtafiti alinuna, na ninamwelewa, msimu mzima ulisogea. Mimi nilifurahi moyoni.

Ndiyo sababu sina imani na bodi ya maprofesa watupu. Wanageuza kikao kuwa seminari. Wanasahihisha mbinu za utafiti, kazi ambayo ina kamati yake ya kisayansi, na muda wa bajeti unabaki dakika kumi kabla ya chakula cha mchana. Bodi ya wahasibu na maofisa watupu nayo ni hatari kwa namna yake: inapitisha kila kitu cha kitaalamu kwa heshima, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuuliza. Changanya. Wanasayansi wawili au watatu, na mmoja wao asiwe wa fani ya taasisi. Mtu wa fedha. Mwanasheria anayeelewa haki za ubunifu na rasilimali za viumbe, si wa ardhi na mirathi tu. Na mkulima, mfugaji au mvuvi ambaye kitu hicho kitaachiwa shambani au majini kwake. Huyu wa mwisho huwa anateuliwa kupamba orodha, kisha anapewa kabrasha la Kiingereza tupu siku mbili kabla ya kikao. Tafsirini muhtasari, jamani, hakuna gharama hapo.

Mgongano wa maslahi nao una sura yake kwetu. Kwenye benki ni mkopo wa shemeji. Kwetu ni mjumbe ambaye kampuni yake inauza viuatilifu vya kemikali, au mjumbe ambaye chuo chake ni mbia kwenye mradi unaojadiliwa. Fomu ya kutamka maslahi ijazwe kila kikao, na mhusika atoke nje, siyo kubaki akisema "mimi nitanyamaza tu".

Mwanasheria nimemtaja kwa sababu ya Ziwa Bogoria la Kenya. Maji ya pale ni ya moto na magadi, na bakteria wanaoishi humo wana vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, vinavyostahimili hali kama ya sabuni. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walichukua sampuli. Kampuni ya Genencor ikaja kupata humo vimeng'enya vya sabuni za kufulia na vya kuchakaza jinzi kiwandani. Miaka ya 2000 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, likadai kwamba vibali stahiki havikupatikana na nchi haikupata mgao. Upande wa pili ulisema ulikuwa na ruhusa. Mwaka 2007 KWS ikaingia makubaliano na kampuni nyingine, Novozymes, safari hii mgao ukiwa umeandikwa tangu mwanzo. Itifaki ya Nagoya kuhusu mgao wa faida ilipitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014. Kwa bodi, fundisho ni la kiofisi kabisa: mkataba wa kupeleka sampuli nje usiishie kwa mkuu wa maabara. Chupa ya tope inaonekana haina thamani mpaka siku inapokuwa nayo.

Kumpata Mkurugenzi Mkuu nimekuacha hadi hapa kwa makusudi, maana ndiko bodi inapoonekana ina meno au haina. Icipe ya Nairobi, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao Duduville, Kasarani, ilianzishwa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Alitaka sayansi ya kiwango cha dunia ifanyikie Afrika, na tangu mwanzo akajizungushia watu wa kumkagua: akademia za sayansi za nchi mbalimbali ziliunga mkono, na wanasayansi kama Carl Djerassi, mkemia wa kidonge cha uzazi wa mpango, walisaidia kuongoza utafiti wa mwanzo. Odhiambo aliongoza hadi 1994. Miaka 24! Naiheshimu sana kazi yake, lakini taasisi iliyokaa mikononi mwa mwasisi muda wote huo inaipa bodi mtihani mgumu: nani atamwambia mzee kwamba sasa inatosha?

Aliyefuata ni Hans Herren, aliyekuwa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, akipambana na kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo anayenyonya utomvu wa mmea, kwa nyigu mdogo kutoka Paraguay, aliyepitishwa karantini Uingereza na kuachiwa kwa mara ya kwanza Nigeria 1981. Herren alipata Tuzo ya Chakula Duniani 1995. Baada yake Christian Borgemeister kuanzia 2005, Segenet Kelemu wa Ethiopia kuanzia 2013, kisha Abdou Tenkouano. Ukiangalia mfuatano huo, kila mmoja baada ya mwasisi alikaa takriban miaka kumi au chini yake, na taasisi haikuyumba kwa kuondoka kwa mtu. Hilo halitokei lenyewe. Lazima kuna watu wanaokaa kikaoni kabla nafasi haijawa wazi wakitafuta jina.

Na kuna ajenda inayokuja ambayo bodi nyingi hazijajiandaa nayo. Mwaka 2020 watafiti wa icipe na wenzao walichapisha habari za Microsporidia MB, kijidudu kinachoishi ndani ya mbu Anopheles arabiensis nchini Kenya na kuzuia vimelea vya malaria visikue ndani yake. Kinarithiwa kutoka kwa mbu jike kwenda kwa watoto wake. Wazo la kukisambaza kwa makusudi liko mezani. Sheria ya Usalama wa Viumbe ya Kenya ya 2009 iliandikwa kwa ajili ya viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, na hiki hakikubadilishwa na mtu, kilikutwa hivyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito itaangukia kamati za maadili na bodi za taasisi zenyewe, pamoja na vijiji ambako mbu hao wataachiwa. Kama uko kwenye sekretarieti, usisubiri pendekezo lifike. Anza sasa kuuliza nani kwenye bodi yako anaweza kusoma ukurasa wa majaribio ya viumbe wasiolengwa bila kusaidiwa, na kama jibu ni hakuna, nafasi inayofuata kuwa wazi ijazwe kwa kuangalia hilo.