Paja Lililogongwa Halichuliwi

Msimu wa mpira wa Kimarekani huanza mashuleni mwezi Agosti, na wazazi wenzangu tunaolea huku Marekani tunaanza kupokea vijana wanaochechemea. Wengi wanafika kliniki paja likinukia dawa ya kuchua.

Swali: Kuchanika msuli na kugongwa ni kitu kimoja?
Jibu: Hapana. Msuli wa nyuma ya paja huchanika kijana anapotimka mbio, mara nyingi bila kuguswa na mtu. Kugongwa ni pale goti au helmeti ya mwenzake inapompiga pajani, damu ikavilia ndani.

Swali: Kwa nini nisimchue? Sisi tulichuliwa tukapona.
Jibu: Usimchue. Mishipa midogo imepasuka, inavuja. Ukisugua unaivujisha upya. Na paja lililogongwa vibaya linaweza kuota mfupa ndani ya nyama. Ndiyo, mfupa. Baada ya wiki tatu au nne eksirei inaonyesha kivuli cheupe katikati ya msuli, na kijana akichuchumaa goti linagoma kukunjika. Hapo tunazungumzia miezi ya kupona.

Swali: Na nikimchua taratibu, kwa mafuta tu?
Jibu: Hata taratibu. Hata kwa mafuta. Hata kama shangazi anajua sana kuchua.

Swali: Maji ya moto je?
Jibu: Saa 72 za kwanza, hapana, joto linaongeza damu pale pale inapovuja. Weka barafu juu ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa mbili au tatu. Funga bandeji isiyobana sana. Paja likigongwa kwa mbele, akae amekunja goti kadiri anavyoweza, ili msuli usikakamae ukiwa mfupi.

Swali: Tusubiri mpaka asubuhi?
Jibu: Paja likiwa gumu kama ubao, maumivu yakazidi hata akiwa ametulia, au mguu ukafa ganzi, msisubiri. Uvimbe umebana ndani, damu haipiti, na msuli unaweza kufa kabla hakujapambazuka. Nendeni usiku huohuo. Tafadhali, usiku huohuo.

Swali: Ijumaa ana mechi, naye anasema amepona.
Jibu: Mwambie akunje goti mpaka kisigino kiguse kalio, kisha akimbie kwa kasi yake yote. Akikunja uso hata mara moja, Ijumaa atakaa benchi.