Protini na sukari za juu ya seli: mshiko si kama wengi wanavyodhani

"Sukari ni chakula tu." Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Kila seli ya mwili imevaa koti la sukari: minyororo mifupi na mirefu, mingine yenye matawi, iliyopachikwa kwenye protini na mafuta ya utando wake. Minyororo hiyo huitwa glaikani. Kundi la damu A na kundi B hutofautiana kwa sukari moja ya mwisho kwenye mnyororo: A ina N-asetiligalaktosamini, B ina galaktosi. Kipande kidogo namna hiyo kinatosha kuifanya kingamwili iishambulie damu isiyolingana.

"Protini hushika sukari kwa nguvu, kama ufunguo na kufuli." Hii inaniudhi zaidi kwa sababu nusu yake ni kweli. Kuchagua zinachagua. Konkanavalini A, protini ya mbegu za jamii ya kunde ambayo mwanakemia James Sumner aliitenga mwaka 1919, hushika manosi na glukosi lakini huipita galaktosi, ingawa glukosi na galaktosi zinatofautiana kwa mwelekeo wa kikundi kimoja tu cha haidroksili (oksijeni na haidrojeni). Kinachokosekana ni nguvu. Mfuko wa protini unaopokea sukari mara nyingi hauna kina na uko wazi kwa maji. Sukari nayo imezungukwa na maji inayopatana nayo sana, na ili ishikwe lazima iachane nayo kwanza. Ukitoa gharama hiyo, faida inayobaki ni ndogo.

Mfano ni himaglutinini, protini ambayo virusi vya mafua hutumia kujishikiza kwenye seli. Ili nusu ya mifuko yake ijae asidi ya sialiki, sukari hiyo inabidi iwepo kwa kiwango cha milimola (kipimo cha wingi wa kitu ndani ya kimiminika). Kingamwili nzuri hufanya kazi hiyohiyo kwa shabaha yake kwenye nanomola, yaani kwa kiasi kidogo mara milioni.

Sasa kirusi hunataje? Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mwiba wa himaglutinini una mifuko mitatu, na kirusi kimoja kina miiba mia kadhaa. Mfuko mmoja ukiachia, mingine bado imeshika, na ule ulioachia huwahi kushika tena kabla kirusi hakijasogea. Mishiko dhaifu ikiwa mingi kwa wakati mmoja huwa mshiko ambao maji hayaubandui. (Kuna protini zisizofuata mkumbo huu: sumu ya kipindupindu hushika sukari za GM1, aina ya mafuta ya utando wa seli yaliyobeba sukari, kwa makumi ya nanomola hata ukipima mfuko mmoja mmoja. Lakini hizo ni chache.)

"Bila mashine ya bei kubwa huwezi kuupima mshiko." Mwaka 1941 mtafiti wa virusi George Hirst alikuwa akishughulika na mayai yenye virusi vya mafua, akaona seli nyekundu za damu ya kifaranga zikigandamana. Kutokana na hilo kikapatikana kipimo kinachotumika hadi leo. Unachukua sahani ya plastiki yenye vishimo 96, unazimua virusi nusu kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo, unaongeza seli nyekundu, unasubiri. Pasipo virusi vya kutosha, seli huteremka na kukusanyika chini kama kitufe chekundu; ukiinamisha sahani, kitufe kinachuruzika kama chozi. Virusi vikitosha, huzifunga seli pamoja zikawa wavu mwembamba uliotanda kishimo kizima, na hata ukiinamisha, hauchuruziki. Kishimo cha mwisho chenye wavu ndicho jibu lako.

Kipimo hiki hakikwambii, hata hivyo, kila mfuko unashika kwa nguvu gani.

"Namba ya mshiko ni mali ya protini." Hapa hata wataalamu huteleza. Katika mashine za resonansi ya plazmoni, sukari hubandikwa juu ya kioo kilichopakwa dhahabu nyembamba, kisha protini hupitishwa juu yake katika mkondo wa maji ya chumvi. Zinapotua, pembe ya mwanga unaoakisiwa inabadilika, na kwenye skrini mstari unapanda. Ukizima protini ukaacha maji peke yake, mstari unashuka kadiri zinavyobanduka.

Mstari ukishuka polepole, wengi hufurahi: "Mshiko imara!" Mimi kwanza huuliza sukari zimebandikwa kwa wingi gani. Zikiwa zimesongamana, protini inayobanduka hudakwa na sukari ya jirani kabla mkondo haujaichukua, na protini yenye mifuko kadhaa hukanyaga sukari kadhaa kwa pamoja. Protini ileile juu ya uso wenye sukari chache itaonekana dhaifu. Namba zote mbili ni halali, ila kila moja ni ya protini pamoja na uso wake. Anayetaka nguvu ya mfuko mmoja afadhali apime joto linalotoka vitu viwili vinapokutana ndani ya kimiminika, bila uso wowote, ingawa njia hiyo hula protini nyingi.

"Ikinata, imeitambua sukari." Si lazima. Protini hunata hata kwenye plastiki tupu. Kwa hiyo pima tena ukiwa umeongeza sukari ileile ikielea huru: kwa konkanavalini A, weka manosi ya kutosha. Kama ni mifuko iliyoshika, manosi itaijaza na protini itaachia uso. Kama mstari haukutikisika hata baada ya hapo, ulichokuwa unapima ni uchafu wa uso wako.