Mche wa mbegu ni nini? Tutazame mchiku

Mche wa mbegu ni mche uliochipua kutoka kwenye mbegu ya tunda na kuachwa ukue hivyo hivyo, bila kubebeshwa, yaani bila kuungwa na kijiti cha mti mwingine. Jambo la kulijua kabla hujajaza udongo kwenye kiriba, ule mfuko wa kuoteshea miche, ni kwamba mche huo si nakala ya mti uliozaa tunda. Ni mti mpya, na mchiku unaonyesha hilo vizuri kuliko miti mingi ya matunda.

Chiku ni lile tunda lenye ganda la kahawia kama kiazi, nyama yake tamu na yenye chengachenga laini mdomoni. Asili yake ni kusini mwa Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati, ambako utomvu wake mweupe ulichemshwa kutengeneza chingamu. Jina la chiku tumelipata kwa Wahindi. Mti wenyewe unaipenda pwani: unavumilia upepo, chumvi na ardhi ya mawe ya chokaa, na ukishashika mizizi haubabaishwi na kiangazi.

Ua la mchiku hupata chavua kutoka ua jingine, mara nyingi la mti wa jirani. Kwa hiyo mbegu nne za chiku moja zinaweza kukupa miti minne tofauti: mmoja wa matunda mviringo, mmoja wa marefu kama yai, mmoja wenye tunda dogo lililojaa mbegu, na mmoja unaojaa maua kila msimu lakini hushikilia matunda machache. Huo wa mwisho huenda hauwezi kujichavusha, unahitaji mwenzake karibu. Ndiyo maana anayepanda kwa mbegu ni vyema apande angalau miwili.

Mbegu itoke kwenye tunda lililokomaa na kuiva. Kwaruza ganda kwa ukucha: ukiona kijani chini yake au utomvu ukitoka, bado. Chini ya ganda kukiwa na rangi ya manjano inayoelekea kahawia, tunda limekomaa. Ndani utakuta mbegu tatu hadi tano, wakati mwingine zaidi, na mara chache hakuna hata moja. Ni nyeusi, bapa, zinang'aa kama zimepakwa mafuta, zina mstari mweupe ukingoni na ncha iliyojipinda kama ndoana. Ncha hiyo inaweza kukwama kooni, kwa hiyo watoto watolewe mbegu kabla ya kupewa tunda.

Osha mbegu mpaka utelezi wote utoke, maana sukari ikibaki huita sisimizi na ukungu. Zianike kivulini siku moja au mbili. Mbegu kavu zinaweza kukaa miaka kadhaa bila kufa, lakini mbichi huota vizuri zaidi. Siku moja kabla ya kusia, ziloweke kwenye maji saa 24. Kulipasua ganda kwa nyundo si lazima, na mara nyingi huumiza kiini.

Kiriba kiwe na kina cha sm 25 au zaidi, kwa sababu mzizi mkuu hushuka mapema, na ukigonga kitako hujikunja. Mzizi uliojikunja haunyooki tena hata mti ukihamishiwa shambani. Changanya ndoo tatu za udongo wa juu, moja ya mchanga na moja ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi hupata joto na kuunguza mizizi. Toboa matundu ya kutosha chini. Laza mbegu ubapa, uifunike kwa udongo wa sm 1.5 hadi 2, mwagilia taratibu, kisha weka chini ya kivuli chepesi cha makuti.

Sasa subiri. Mchiku huota baada ya mwezi hivi, na baridi ikiwepo huchelewa zaidi, kwa hiyo usifukue kabla ya miezi miwili. Mbegu isipoota kabisa, mara nyingi imesiwa kina kirefu mno au imeoza kwa maji mengi. Mche ukiota kisha ukalala ghafla, shina likiwa limenywea usawa wa udongo, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaostawi kwenye unyevu uliozidi na hewa finyu. Punguza maji, tenganisha viriba, na mwagilia asubuhi badala ya jioni.

Baada ya majani machache ya kwanza mche hukaa kama umesimama. Ndiyo tabia yake. Hapo ndipo watu hukosea, wanaongeza mbolea ya dukani hadi majani yanaungua ncha. Kiganja cha samadi iliyooza kila baada ya miezi miwili kinatosha. Ukiona vidung'ata vyeupe kama pamba chini ya majani, vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Mche ukifika sm 30 hadi 45, uhamishe mvua zinapoanza. Shimo liwe sm 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi, na miti iachane mita 8 hadi 10. Mti wa mbegu kwa kawaida huanza kuzaa kati ya miaka mitano na minane, na uliobebeshwa huweza kuanza wa tatu au wa nne.

Kwa hiyo mtu anayetaka tunda la aina fulani huutumia mche wa mbegu kama shina la kubebeshea. Ukiwa na unene wa penseli, huungwa na kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mchiku wenye sifa anazozitaka. Kazi hii kwa mchiku ni ngumu kuliko kwa mwembe, kwa sababu ya ule utomvu: hujaa kwenye kidonda na kuzuia vipande viwili visigusane. Ufute kwa kitambaa chenye unyevu mpaka uache kutiririka, ndipo ufunge. Kila chipukizi litakalotokea chini ya kiungo ling'olewe likiwa bado changa. Likiachwa, litakishinda kikonyo, na matunda utakayovuna yatakuwa yale yale ya mche wa mbegu.