Kisanduku cha vivuli cha Krismasi ni nini?

Ukisikia "nakala kivuli" au "waziri kivuli", unajua kinachozungumziwa ni kitu kinachofuata nyuma ya kingine na kuiga umbo lake. Kisanduku cha vivuli hakimo katika ukoo huo, kwa kuwa hakiigi kisanduku chochote. Ni boksi halisi lenye kina, kioo mbele na ubao nyuma, na vitu vilivyopangwa ndani yake huangushiana vivuli. Ndiyo maana mimi hukiita kisanduku "cha vivuli" na kuikwepa "kisanduku kivuli", ambayo ingemfanya msomaji aulize kisanduku chenyewe kiko wapi.

Fremu ya kawaida hubana. Picha inalazwa, kioo kinaikandamiza, kazi imekwisha. Kisanduku cha vivuli huacha nafasi kati ya kioo na ubao wa nyuma, mara nyingi sentimita 3 hadi 5, na kwa sababu hiyo watu huhifadhi humo vitu visivyoweza kulazwa bapa: medali, viatu vya kwanza vya mtoto, maua yaliyokaushwa. Kile cha Krismasi kinachotengenezwa kwa karatasi huitumia nafasi hiyo kwa kazi nyingine. Hakihifadhi kitu, kinajenga mandhari, karatasi moja nyuma ya nyingine, hadi mtazamaji aone kama anachungulia dirishani usiku wa mkesha.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Katika karne ya 18, Martin Engelbrecht, mchapaji wa Augsburg, Ujerumani, aliuza seti za kadi zilizochapwa, zikakatwa na kutiwa rangi, ambazo mnunuzi alizisimamisha kwa mfuatano ndani ya boksi na kuzitazama kutokea mbele. Baadhi zilikuwa za visa vya Biblia. Njia ya chini ya mto Thames ilipofunguliwa London mwaka 1843, ziliuzwa kumbukumbu za karatasi zilizokunjwakunjwa kama kodiani: ukizivuta na kuchungulia kwenye tundu, unaiona njia ikienda mbali. Vilikuwa vitu vya kuchezea, ila kanuni yake ndiyo hii ya leo.

Tuchukue mfano wa hori la Bethlehemu kwa matabaka matano. La kwanza, karibu na kioo, ni ukingo mpana wenye matawi ya msonobari yanayoingia kutoka pembeni. La pili ni wachungaji na kondoo wawili upande wa chini. La tatu ni zizi lenyewe, na ndani yake Mariamu, Yosefu na Mtoto. La nne ni vilima na mapaa ya nyumba. La mwisho ni anga, na nyota yake ni tundu tu. Kila tabaka lina uwazi katikati, na uwazi wa tabaka la nyuma ni mdogo kuliko wa lililo mbele yake. Jicho likikutana na ngazi hiyo ya mianya linadhani linapelekwa mbali, ingawa safari nzima haifiki urefu wa kidole.

Kuna sharti ambalo wengi hulijua wakiwa wameshaharibu karatasi: kila umbo lazima lishikane na ukingo wa tabaka lake, walau kwa uzi mwembamba wa karatasi. Mchungaji asimame juu ya ardhi inayogusa ukingo. Malaika ashikwe na wingu au ncha ya bawa lake. Umbo lisilo na pa kushika litabaki mkononi mwako, kisu kikiwa kimeshapita. Hii ndiyo sababu ya nyota kuwa tundu: anga haina kitu cha kuishikilia.

Sasa vivuli vyenyewe. Watu huhangaikia rangi na pambo la kumetameta, wakati kazi kubwa inafanywa na pale pasipo na karatasi. Ukibandika tabaka juu ya tabaka bila nafasi, unapata kadi nene. Ukiliinua kwa milimita 2 au 3, kwa vipande vya tepu ya sponji yenye gundi pande zote mbili, unapata kivuli chembamba chenye kingo kali kama mstari wa penseli. Ukiliinua kwa sentimita nzima, kwa vijiti vya kadi iliyokunjwa, kivuli kinapanuka na kingo zake zinalainika. Kwa hiyo nafasi zisilingane. Mimi hubana matabaka ya mbele na kuacha nafasi kubwa zaidi nyuma ya zizi, ili lijitenge na vilima. Ukitaka kuhakikisha, tengeneza kisanduku kizima kwa karatasi nyeupe tupu. Hakuna rangi hata moja, na bado utamtambua kondoo, kwa kuwa kivuli kimemchora.

Ukitumia rangi, giza likae mbele na weupe nyuma. Vilima vya mbali hupauka machoni, na karatasi inafuata desturi hiyohiyo. Anayepaka anga ya nyuma nyeusi tii na matawi ya mbele rangi hafifu hushangaa kwa nini kisanduku chake kinaonekana bapa.

Vifaa si vya kutisha. Karatasi iwe ngumu, ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba; ile ya kuchapia, ya gramu 80 hivi, hujikunja na kuinama. Kisu cha wembe mpya, rula ya chuma, ubao wa kukatia. Gundi ya majimaji ipakwe kidogo sana, maana huikunja karatasi. Kata kwanza matundu madogo ya ndani, kisha muhtasari wa nje, wakati karatasi bado ina nguvu ya kukuvumilia.

Wengi huweka pia mwanga nyuma. Taa ndogo za LED za kwenye waya zinafaa kwa sababu hazipati joto kama balbu za zamani. Lakini taa tupu huonekana kama vitone vikali, hivyo weka karatasi ya kunakilia ramani mbele yake, ikiwa mbali nazo kwa sentimita moja au mbili, mwanga usambae. Ujue pia kwamba mwanga wa nyuma hausemi uongo: mistari ya penseli, madoa ya gundi na vipande vya tepu vilivyowekwa ovyo, vyote vitajitokeza katikati ya vilima.

Cha kwangu cha kwanza nilikifunga kwa gundi pande zote, kisanduku cha betri kikiwa ndani. Betri zilikwisha siku mbili kabla ya sikukuu. Nikakihamisha kutoka ukutani kilikokuwa kikimulikwa uso kwa uso na taa ya dari, nikakiweka kwenye rafu ambako taa ya mezani ilimulika kutoka ubavuni. Kivuli cha matawi kikaangukia wachungaji, cha wachungaji kikaangukia zizi, na kivuli cha paa kikamfunika Yosefu hadi mabegani. Sikuwasha tena zile taa za ndani mwaka huo.