Feza iko benki, lakini si ya kwenu

Kila nikifundisha maASBL (mashirika yasiyo ya faida) hapa Lubumbashi naanza na kazoezi kamoja tu. Naandika ubaoni: benki kuna dola 40,000. Mfadhili wa visima alishatuma feza yake, hamjatumia bado 28,000. Wa shule, bado 15,000. Haya, shirika lina ngapi?

Wengi wanajibu 40,000, tena na furaha. Halafu kule nyuma kuna mama mmoja, mara nyingi ni yule mwenye kushika buku ya likelemba (mchango wa kupeana feza kwa zamu), anapiga hesabu polepole anasema mwalimu, hawa watu wako na deni ya 3,000.

Ndiyo yenyewe. 28,000 na 15,000 ni 43,000, benki iko 40,000, basi kuna 3,000 ya wenyewe ilishakuliwa. Na si lazima kuna mwizi! Ukifuatilia unakuta imelipa nyumba ya ofisi, sentineli, fakture ya umeme ya SNEL, mshahara wa mhasibu, vitu ambavyo hakuna proje inataka kuvibeba.

Hapo ndipo shida yote inatoka, na mimi naona wafadhili nao wana sehemu yao. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hauvuki 7% kwa gharama za ofisi. Marekani ilikuwa 10% kwa shirika lisilo na kiwango chake lilichokubaliana nao, tangu 1 Oktoba 2024 wakapandisha mpaka 15%. Sasa kama ofisi yako kweli inakula 18% na umesaini 7%, ile 11% itatoka wapi? Itatoka kwa visima, kimya kimya, mwezi kwa mwezi, mpaka siku ya odita, mkaguzi wa hesabu.

Kwa hiyo msisaini bajeti kabla ya kuhesabu ofisi yenu inakula ngapi. Sentineli akilinda stoki ya proje moja tu, mwandike ndani ya hiyo proje, hiyo ni gharama yake halali, mbona mnaona haya?

Kukopa proje moja kulipa ingine, mikataba mingi inakataza, na hata pale haikatazwi, bila karatasi ya kamati yenye tarehe ya kurudisha, mimi siiti mkopo. Januari 2025 Marekani waliposimamisha misaada siku 90, kuna mashirika yalikuwa yameshatanguliza feza kwa kazi yakingoja kurudishiwa. Aliyetanguliza feza ya mfadhili mwingine alibaki anadai Marekani, na huku anadaiwa na yule mfadhili.

Sheria nayo ipo: tangu 1 Januari 2024 OHADA, muungano wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, ina mfumo wa uhasibu wa mashirika yasiyo ya faida, SYCEBNL, na Kongo yetu ya Kinshasa ni mwanachama tangu 2012. Ila msingoje programu ya bei. Kwenye Excel wekeni safu moja kwa kila mfadhili na moja ya shirika lenyewe, kila matumizi yaingie safu yake siku ileile, mwisho wa mwezi jumla ya safu zote ilingane na benki pamoja na kesi, ile feza taslimu ya ofisi (na ile noti ya dola iliyopasuka kidogo, ambayo sokoni wameikataa, isihesabiwe kama nzima, kambisti, mwenye kubadilisha feza, akikata chake andikeni hasara). Safu ya shirika ikionyesha alama ya kutoa, pelekeni kwa kamati mwezi uleule.