Mtoto mchanga kwenye ndege: yanayosemwa na ukweli wake

Mzazi akitaja tu kwamba atapanda ndege na mtoto, ushauri humjia kutoka kila upande, na mwingi humtia hofu pasipostahili.

"Mpe Piriton kidogo, atalala mpaka mfike." Huu ndio ushauri ninaousikia zaidi, na ndio mbaya kuliko yote. Piriton ni dawa ya mzio, si ya usingizi. Kuna watoto inaowageuka kabisa: badala ya kulala wanachachamaa na kulia safari nzima. Kwa mtoto mdogo sana inaweza kumletea shida ya kupumua, na huko juu hakuna zahanati. Tena hata ikimlaza, mtoto aliyelala fofofo hamezi mate mara kwa mara, na kumeza ndiko kunakoyaokoa masikio yake.

"Mnyonyeshe ndege ikipaa, masikio yasimuume." Kupaa si tatizo kubwa. Wakati huo hewa iliyo ndani ya sikio hutanuka na kutoka yenyewe kupitia mrija mwembamba unaoishia nyuma ya pua. Kazi ipo wakati wa kushuka: shinikizo la hewa ndani ya ndege huongezeka, ngoma ya sikio inasukumwa ndani, na ule mrija hubaki umefunga mpaka mtu ameze au apige miayo. Mtoto hajui hayo, basi analia, na kilio chenyewe humsaidia kuzibua. Kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Kwa hiyo kwenye safari fupi kama Nairobi–Mombasa, ukimshibisha wakati wa kupaa, mkianza kushuka atalikataa titi. Mbakishie njaa kidogo. Mwenye mafua makali au maumivu ya sikio aonwe na daktari kabla ya siku ya safari.

"Salama yake ni mikononi mwa mama." Kwa mapenzi, ndiyo. Ila ndege ikikumbwa na mtikisiko mkali, hakuna mikono inayoweza kumshikilia mtoto wa kilo kumi. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya United nambari 232 ilianguka Sioux City, Marekani, ikiwa na watoto wanne waliopakatwa. Wazazi waliambiwa wawalaze sakafuni, mmoja alifariki. Mpaka leo FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inaruhusu mtoto wa chini ya miaka miwili apakatwe, huku yenyewe ikishauri akatiwe kiti chake na afungwe kwenye kiti cha mtoto kilichoidhinishwa. Najua si kila mfuko unaweza. Basi angalau usimfunge pamoja nawe ndani ya mkanda wako mmoja, maana ndege ikisimama ghafla uzito wako wote utamponda. Mashirika mengi yana mkanda mdogo wa nyongeza wa mtoto, muulize mhudumu.

Kuhusu pesa na begi, haraka haraka. Mtoto wa chini ya miaka miwili hasafiri bure kila mahali: safari za nje hutozwa mara nyingi kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, na akitimiza miaka miwili mkiwa huko, kurudi anakatiwa kiti. Pasipoti ni yake mwenyewe, hata akiwa wa mwezi mmoja. Uji na maziwa yake hayabanwi na kile kikomo cha mililita 100 cha vimiminika kwenye begi la mkononi, mradi kiasi kiwe cha kutosha safari. Vitoe kwenye begi mapema na umwambie mkaguzi ni vya mtoto.

"Hasafiri kabla ya arobaini." Mashirika mengi humpokea mtoto akiwa na siku 7 au 14. Lakini bibi zetu hawakukosea sana. Kenya na Tanzania, baada ya chanjo za kuzaliwa, zinazofuata huanza wiki ya sita, yaani arobaini ikiwa ndiyo kwanza imetimia. Kama safari si ya lazima, acha kwanza achanjwe. Aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, muulize daktari wake hata kama shirika limeshakubali kumbeba.