Mkamilifu si asiye na dosari

Huku Iringa, kama kwingineko, neno "ukamilifu" likitajwa wengi hufikiria mtu asiyekosea kamwe. Mathayo 5:48, pale Yesu anapowaambia wanafunzi wawe wakamilifu kama Baba yao wa mbinguni, umewavunja moyo waumini wengi: nani ataweza?

Tatizo liko kwenye neno lenyewe. Kigiriki cha Injili kinasema teleios, lililotokana na telos, yaani mwisho au lengo. Teleios ni kitu kilichofikia lengo lake, kilichokomaa. Neno hilohilo limo katika Waebrania 5:14, na Biblia yetu ya Kiswahili imelitafsiri "watu wazima", wale wanaoweza chakula kigumu. Hakuna anayedhani mtu mzima ni yule asiyekosea!

Tazama kikapu cha milulu kinachosukwa na akina mama wa Iringa. Mdomo waweza kupinda kidogo, rangi ikakolea upande mmoja. Kama kinabeba mahindi bila kuachia, ni kamili. Kile kilichonyooka kikaishia kuning'inizwa ukutani, sijui tukiiteje.

Hata Kiswahili, kilicholichukua "kamili" kutoka Kiarabu, kinasema hivyo: saa mbili kamili ni saa iliyotimia.

Na lengo ni lipi? Mistari iliyotangulia inazungumzia kuwapenda maadui, kwa kuwa Mungu huwaangazia jua waovu na wema. Luka 6:36, kwenye mafundisho hayohayo, haitaji ukamilifu kabisa. Inasema muwe na huruma.